Nani Aandikwe Kwenye Jiwe?

Wajukuu zangu, ukitoka Karatu mjini ukashika barabara ya kwenda Ngorongoro, mlima Oldeani utauona mkono wa kushoto, mashamba yatakusindikiza mpaka lango la Lodoare, kisha gari litaingia msituni na kuanza kupanda. Juu kabisa, kwenye ukingo wa kreta, wageni hushuka kupiga picha. Wakimaliza hupanda tena, na gari likifuata barabara ya ukingoni hupita kando ya mnara mdogo wa mawe uliojengwa kwa umbo la piramidi. Wengi hawasimami. Mimi naomba leo tusimame hapo, kwa sababu mnara ule unauliza swali ambalo watu wazima hulibishania mpaka huko Uingereza: ni nani anayestahili jina lake liandikwe mahali pa watu wote, alisome kila mpita njia?

Mnara ni wa Wajerumani wawili, baba na mwanawe.

Baba aliitwa Bernhard Grzimek. Alizaliwa 1909, akasomea udaktari wa mifugo, na mwaka 1945, vita vilipokwisha, akawa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Lakini Wajerumani wengi hawakumjua kwa udaktari wake wala kwa bustani yake. Walimjua kwa televisheni. Kuanzia 1956 alikuwa na kipindi chake mwenyewe. Aliketi mezani kwa suti na tai, akaongea polepole kwa sauti ya upole, na mezani hapo pamoja naye akawepo mnyama hai: leo duma, siku nyingine tumbili. Kipindi hicho kiliendelea kwa miaka 30 na zaidi. Mtoto aliyekianza akiwa darasa la kwanza alikuja kukitazama na watoto wake. Bernhard alifariki Machi 1987 mjini Frankfurt, akiwa ameketi kwenye sarakasi, akitazama onyesho la chui milia. Kwa hiyo, mkiulizwa kazi yake, msiogope kusema alikuwa mburudishaji. Alifundisha, ndiyo, lakini alifundisha kwa kuburudisha, na hiyo ndiyo iliyomfanya asikilizwe.

Mwana aliitwa Michael. Desemba 1957 yeye na baba yake waliondoka Ujerumani kwa ndege ndogo waliyoirusha wenyewe, wakaja nayo mpaka Tanganyika. Ndege yao waliipaka milia myeupe na myeusi, mwili mzima mpaka mabawani, kama punda milia. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa inafikiria kuigawa hifadhi ya Serengeti na kuitoa Ngorongoro ndani yake, na mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, Peter Molloy, alitaka kujua wanyama hasa hupita wapi na wako wangapi. Januari 1958 wakaanza kuhesabu kutoka angani. Nyumbu waliwapata 99,481. Ishikeni namba hiyo, tutaihitaji.

Walipokuwa wakihesabu, walikuwa pia wanapiga filamu. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani pale ndege ilipogongana na tumbusi na kuanguka. Alikuwa na miaka 24. Wakamzika ukingoni mwa kreta. Baba akarudi Ujerumani, akaimaliza filamu bila mwanawe, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani kama filamu bora ndefu ya hali halisi. Jina lake lilikuwa agizo: Serengeti isife. Bernhard alipofariki, majivu yake yaliletwa huku, yakazikwa kando ya mwanawe.

Sasa tuamue. Baba huyu na mwana huyu wanastahili jiwe?

Mimi nasema wanastahili, na sababu yangu si machozi, ingawa habari ya baba kumzika mwana inaliza. Sababu yangu ni kilichofuata. Watu wasiowahi kumwona nyumbu walianza kujali kama nyumbu ataishi. Fedha zikachangwa. Shirika la wanyama la Frankfurt alilolijenga Bernhard bado linafanya kazi Serengeti hadi leo. Inasimuliwa pia kwamba siku moja aliwatangazia watazamaji kuwa wanaweza kununua safari ya bei nafuu ya kuja kuona wanyama Afrika Mashariki, wakati safari hizo hazikuwepo. Watu wakamiminika kwenye ofisi za mawakala kuziulizia, na mawakala wakalazimika kuzianzisha. Mkiona leo magari ya watalii yamepanga foleni kwenye kituo cha mafuta cha Karatu, na kaka zenu wanafanya kazi ya udereva, upishi na uongozaji, jueni kwamba mtu mmoja mwenye kipindi cha televisheni alikuwa na mkono wake katika mwanzo wa jambo hilo.

Lakini anayestahili jiwe si lazima awe amepatia katika kila jambo, nami sitawaficha. Bernhard aliamini hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na watu, hata wenyeji wake. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka uliofuata Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Akina Grzimek walipinga kutengwa huko. Kwa hiyo Bernhard amelala kwenye ardhi ambayo, kama mawazo yake yangefuatwa, mfugaji asingekaa. Mtoto wa Kimaasai anayepita pale na ng'ombe wa baba yake ana haki kamili ya kulitazama lile jiwe kwa macho tofauti na ya mtalii. Akiniuliza, sitamwambia anyamaze kwa sababu kuna kaburi. Nitamwambia jiwe lile libaki, na kwamba tatizo langu ni kuwa limesimama peke yake mno.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye ile namba.

Nyumbu 99,481. Miaka ishirini baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wamezidi milioni moja. Ni nini kiliwaongeza? Filamu? Filamu iliwatetea, lakini haikuwazalisha. Kilichowaongeza zaidi ni kuondoka kwa ugonjwa. Ulikuwepo ugonjwa uitwao sotoka. Ulifika Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 ukaua ng'ombe kwa makundi, ukaua nyati na nyumbu, ukawaacha wafugaji na njaa ambayo mababu wa mababu zenu waliisimulia kwa kuinamisha vichwa. Baadaye haukuondoka. Uliendelea kujificha, na kila mwaka uliwaua nyumbu wachanga wengi kabla hawajakua. Madaktari waligundua kwamba nyumbu hawakuwa wakiutunza ugonjwa huo wenyewe. Walikuwa wakiupata kwa ng'ombe. Basi wakaanza kuchanja ng'ombe wanaoizunguka Serengeti, na kufikia 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu. Hawakuchanja hata nyumbu mmoja. Walichanja ng'ombe, na nyumbu wakapona. Mvua nzuri za kiangazi miaka ya 1970 nazo zikasaidia majani, na makundi yakazidi kukua.

Fikirini kazi hiyo ilikuwaje. Kuna mtu alikuja na sanduku la dawa kwa gari au kwa miguu. Kuna mzee aliyepita boma kwa boma kuwashawishi wenzake kwamba sindano ya serikali haitaua mifugo yao. Kuna vijana walioshika ng'ombe kwa pembe, mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima, kwenye vumbi. Kule Muguga, Kenya, daktari wa mifugo Mwingereza Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyo bora kuliko zote zilizotangulia. Yeye alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaza kuwa sotoka imekwisha kabisa duniani. Ni ugonjwa wa pili kufutwa, baada ya ndui kwa binadamu. Jina la Plowright mtalipata vitabuni. Majina ya walioshika pembe hamtayapata.

Kwa nini? Kwa sababu hapakuwa na kamera. Hili ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote. Kabla kamati haijakaa kuchagua nani awekewe jiwe, kamera imekwisha kuchagua. Kamati huja nyuma na kuokota kutoka kwenye kile ambacho watu tayari wamekiona.

Twendeni Uingereza sasa, kwa sababu kule wamelifanyia kazi suala hili muda mrefu. Mji wa Birmingham una barabara iitwayo Broad Street, na chini, njiani watu wanapokanyaga, waliweka nyota zenye majina ya watu maarufu wa mji huo. Ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa ya mwanamuziki Ozzy Osbourne, naye alikuwa hai, akaiona kwa macho yake. London nako, mtaa wa Camden, kuna mawe ya wanamuziki yaliyoanza kuwekwa 2019. Utaratibu wa namna hiyo una furaha yake: mtu anapewa ua angali anaweza kulinusa.

Lakini London ina utaratibu mwingine wa zamani zaidi, uliobuniwa 1866. Huweka bamba la duara, la rangi ya buluu, kwenye nyumba alimoishi mtu mashuhuri. Leo unasimamiwa na shirika la English Heritage. Mtu yeyote anaweza kupendekeza jina, hata ninyi mkiamua kuandika barua. Nyumba lazima iwe bado imesimama. Na mtu huyo lazima awe amefariki angalau miaka 20 iliyopita.

Miaka ishirini! Mtauliza, kwa nini kungoja hivyo? Nitawapa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa mtoto wa Zanzibar. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza, wakakaa kwenye nyumba ya kawaida Feltham, pembeni mwa London. Kijana yule akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, mmoja wa waimbaji wakubwa wa karne ile. Alifariki 1991. Bamba la buluu lilibandikwa kwenye nyumba ile ya Feltham mwaka 2016, miaka 25 baadaye. Kelele za magazeti zilikuwa zimetulia. Waliokuwa wakimpenda kwa sababu ya mitindo walikuwa wameshahamia kwa wengine. Nyimbo zikabaki zinaimbwa na watoto waliozaliwa yeye ameshakufa. Hapo ndipo unapojua.

Wa pili unauma, nao nitausema kwa kifupi. Kulikuwa na mtangazaji wa televisheni, Jimmy Savile, aliyependwa na Waingereza kwa vipindi vya watoto na kwa kuchangisha fedha za hospitali. Alifariki 2011. Septemba 2012 wakamwekea kaburini jiwe kubwa la thamani katika mji wa Scarborough. Mwezi haukupita, ukweli ukatoka kwamba mtu huyo kwa miaka mingi alikuwa akiwadhulumu watoto na wagonjwa, na waliojaribu kusema hawakusikilizwa. Oktoba mwaka huohuo jiwe liling'olewa na kuvunjwavunjwa. Kamera ilimpenda miaka yote hiyo. Watoto aliowaumiza hawakuwa na kamera. Wajukuu zangu, mtu mzima yeyote akikudhuru, hata awe anapendwa na nchi nzima, sema, na ukipuuzwa na wa kwanza mwambie wa pili.

Kwa hiyo kungoja kuna faida. Lakini sikubali kwamba kila mtu angoje, na sababu yangu imezaliwa hapahapa Karatu.

Mnamjua Filbert Bayi? Alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974 alikuwa Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, mbio za mita 1,500. Siku zile wakimbiaji wa mbio hizo walikuwa wakijificha kwenye kundi, wakichungana, wakingoja mzunguko wa mwisho ndipo wafyatuke. Bayi hakufanya hivyo. Bastola ililia, akatoka, akawaacha nyuma, akakimbia mbele peke yake tangu mwanzo. Waliomtazama walidhani atachoka. Kwenye mita za mwisho John Walker, kijana wa nchi hiyohiyo, akawa anamkaribia uwanja mzima ukimshangilia mwenyeji wao. Bayi akageuza shingo, akamwona, akaongeza mwendo. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker aliyekuwa wa pili naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado alishindwa! Rekodi ya Bayi ilidumu mpaka 1979, alipoivunja Mwingereza Sebastian Coe. Mei 1975, kule Kingston, Jamaika, Bayi akaweka rekodi ya dunia ya maili moja pia, na 1980 akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Moscow.

Mtaniambia mkimbiaji si mburudishaji. Waulizeni waliokuwa hai wakati ule, waliokaa kuzunguka redio moja kijiji kizima. Sijui burudani nyingine iliyowahi kuwapa Watanzania furaha ya namna ile.

Kwa sheria ya London, Bayi hawezi kupewa bamba, kwa sababu yu hai. Kwa utaratibu wa Birmingham angepewa kesho asubuhi. Mimi ningefanya hivi: jiwe litaje tendo kwanza, jina lifuate. Liandike tarehe, mahali, umbali na muda. Saa haina upendeleo. Tendo lile limekwisha kupimwa na haliwezi kubadilika, hata tungoje miaka mia. Lakini tukitaka kumsifu mtu kwa maisha yake yote, tabia yake na nia yake, hapo Waingereza wa bamba la buluu wana hoja, tusubiri.

Na majirani zetu wa Mbulu wana John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Watu 75 walianza mbio ile, 57 wakamaliza, na Akhwari alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani jioni, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Waliokuwa wamebaki uwanjani ni wachache, lakini kamera iliipata picha yake, na mpaka leo dunia inamkumbuka mtu wa mwisho kuliko wengi waliomtangulia.

Anastahili? Sana. Ila sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni akawa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa, mkimbiaji hodari aliyeshindana na walio bora. Kamera ikachagua goti lenye damu. Ningekuwa mimi ninayechonga jiwe la Mbulu, ningeandika Mexico na Edinburgh, zote mbili, kwa herufi za ukubwa uleule.

Huku kwetu nako, Wairaqw, kabla ya mawe na mabamba, walikuwa na njia yao ya kumpima mwenye kipaji. Kwenye mkusanyiko mzee husimama akasema slufay, maneno ya baraka yenye ufundi, na watu humwitikia. Anayejua huitikiwa kwa sauti moja, na mkutano mwingine ukifika huitwa tena. Asiyejua hatakatazwa, ila hataitwa. Huo nao ni uchaguzi, na umefanywa na waliokuwepo kwa masikio yao wenyewe. Ubaya wake ni mmoja: waliokuwepo wakifa, jina nalo linaondoka.

Ndiyo maana nataka mawe. Nataka moja la Bayi hapa Karatu, penye watu wengi, karibu na stendi au njia ya mnadani, lenye tarehe na muda wake. Nataka kule ukingoni, kando ya piramidi ya akina Grzimek, pasiondolewe kitu, paongezwe jiwe la pili la walioichanja mifugo na waliokubali ichanjwe.

Jiwe hilo la pili hatuwezi kulichonga bado, kwa sababu hatuna majina, na kwa hili siwezi kuwasaidia. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 akishika pembe mwaka 1960 sasa amepita miaka 80. Baadhi yao wako Endulen, wengine Nainokanoka, wengine Mbulumbulu na Rhotia, na kumbukumbu zao ziko vichwani tu. Likizo ikifika, kaeni nao. Ulizeni ng'ombe walichanjwa wapi, nani aliyeleta dawa, nani alikataa na kwa nini, nani alikuja akamshawishi. Andikeni jina la mzee, jina la kijiji, na majina anayoyataja yeye. Kisha nendeni kwa mzee mwingine mkaulize hayohayo bila kumwambia wa kwanza alisema nini, na majina yatakayotajwa na wote wawili myapigie mstari.